Chachu Ambayo Meli Haikuleta

Chini ya milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga, lipo shamba la serikali la mitiki liitwalo Longuza. Watu wanalijua kwa mbao zake: milango, vitanda, makabati. Majani yake hayana mwenyewe. Kiangazi kikikaza yanapukutika, makubwa na ya kukwaruza upande wa chini, yanalala ardhini hadi moto au mvua iyamalize.

Kisiwani Java, nchini Indonesia, jani hilohilo lina kazi jikoni. Ule ukwaruzo wa upande wa chini ni vinyweleo, na vinyweleo vinashika mbegu za kuvu. Mtengenezaji wa tempe huchukua soya zilizochemshwa ambazo zimeanza kuota utando, akazibana katikati ya majani mawili, akayaacha siku mbili tatu mpaka utando ugeuke mweusi, kisha akayakausha. Majani makavu hayo ndiyo chachu yake. Siku ya kutengeneza tena anayasugua juu ya maharage yaliyopoa, na kazi imeanza. Wajava huyaita usar au laru. Huyatengeneza pia kwa majani ya mti ambao pwani yetu unaota kandokando ya mikoko na huitwa mtakawa, ule ambao gome lake wazee walisokotea kamba.

Tempe yenyewe ni soya iliyochemshwa, ikapandwa kuvu, ikavundikwa kwa siku moja na nusu hivi hadi utando mweupe uzifume punje zote pamoja ziwe bonge moja linalokatika kwa kisu. Ina harufu ya uyoga. Gramu mia moja zake zina karibu gramu 19 za protini, na tumbo huipokea kwa wepesi kuliko linavyopokea soya ya kuchemsha tu, kwa kuwa kuvu imekwisha kuanza kazi ya kumeng'enya kabla mlaji hajaketi. Ni chakula cha zamani: kinatajwa katika Serat Centhini, kitabu kikubwa cha Kijava kilichoandikwa mnamo 1815. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Waholanzi waliofungwa na Wajapani huko Java walipewa soya wakaugua matumbo. Walipoigeuza kuwa tempe, hata wagonjwa wa kuhara damu waliweza kuila. Mmoja wa wafungwa hao, mtafiti wa lishe van Veen, aliyaandika hayo vita vilipokwisha.

Tanga ingeweza kuwa na chakula hiki tangu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nasema hivyo kwa sababu ya Amani.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani, juu ya milima hiyohiyo ya Usambara Mashariki, taasisi ya kuchunguza mimea na kilimo. Waliiga bustani ya Waholanzi ya Buitenzorg kule Java, mji ambao leo unaitwa Bogor. Franz Stuhlmann, mkurugenzi wake wa kwanza, alikwisha kwenda Java kujionea. Albrecht Zimmermann, mtaalamu wa mimea aliyekuja Amani wakati huo na baadaye akaiongoza, alikuwa ametoka Java kwenyewe, ambako alichunguza magonjwa ya mibuni. Kuna mnyoo wa mizizi ya kahawa alioueleza mwaka 1898 ambao mpaka leo wataalamu wakiuandika huweka jina lake pembeni. Kutoka Java ikaja miti ya kwinini, na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofunga njia za bahari, Amani iliwatengenezea askari wa Kijerumani kwinini yao. Mwaka 1907 soya ikapandwa Amani, na hiyo ndiyo mara ya kwanza inayotajwa kwa zao hilo katika nchi yetu.

Tazama jinsi mambo yalivyokaribiana. Mwaka 1895, huko Java, mkemia wa viwanda vya sukari H. C. Prinsen Geerligs alichapisha uchunguzi wake wa vyakula vya soya, akaitambulisha kuvu ya tempe kwa wanasayansi. Zimmermann alikuwa Java miaka hiyohiyo ya 1890. Siamini kwamba mtu wa mimea alikaa huko asiione tempe, iliyouzwa kila asubuhi sokoni ikiwa imefungwa majani ya mgomba. Maharage yaliletwa, mitiki ikaletwa, na wataalamu wakaja na miguu yao. Kuvu ikabaki.

Sababu haijifichi. Taasisi ilitumwa kutafuta mali ya kupakia melini: mpira, kahawa, kwinini, katani. Kabla hata ya Amani, mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62, na kwa miche hiyo 62 sura ya mkoa mzima ikabadilika. Hivyo ndivyo mmea ulivyoweza kusafirishwa ulipotakiwa. Ujuzi wa mwanamke wa Kijava wa kuvundika maharage haukuwa na safu katika madaftari yao. Soya ikakaa bila mapishi. Kizazi baada ya kizazi tukaambiwa ni zao lenye lishe, likaishia kusagwa na kuchanganywa kwenye unga wa uji wa watoto. Zao lililokuja bila mpishi wake huchukua muda mrefu kupata sufuria, na hilo ndilo jambo ninalotaka lieleweke kabla hatujawasha moto: kinachokosekana kwetu ni chachu na mtu wa kuilea. Vingine vyote vipo.

Na kulea chachu si jambo geni pwani. Kabla ya hamira ya dukani, unga wa vitumbua na mikate uliumuliwa kwa tembo la mnazi. Togwa huchachuliwa kwa kimea. Mtindi wa nyumbani huanzishwa kwa kikombe cha mtindi wa jana, na Tanga, ambako wafugaji waliungana miaka ya 1990 na kiwanda cha Tanga Fresh kikazaliwa, mama ambaye chachu yake imeharibika ananunua pakiti na kuanza upya. Hata kuvu tunaijua. Kanda ya Ziwa wanaotengeneza udaga hurundika muhogo mpaka uote ukungu, ndipo wanaukwangua, wanauanika na kuusaga. Tofauti ya tempe ni kwamba ukungu haukwanguliwi. Unaliwa, na kwa hiyo lazima mtu ajue ni ukungu gani.

Sasa kazi. Chukua nusu kilo ya soya kavu, pembua, osha, loweka kwenye maji mengi usiku kucha na zaidi, saa 12 hadi 18. Kwa joto la Tanga maji hayo yatatoa povu na kuchachuka kidogo. Usiyaogope: wanaochachua hapo ni bakteria wa jamii ileile inayochachua togwa na mtindi, na ukali wao unawazuia wageni wabaya. Kisha fikicha maharage kwa viganja ndani ya maji. Maganda yataelea, yamwage, ongeza maji, fikicha tena. Kazi hii inachosha, na anayeifanya nusunusu atalipia baadaye, maana kuvu haipenyi ganda. Wenye mashine za kusaga hupasua soya kavu kwanza na kupepeta maganda kwa ungo, wakaloweka punje zilizopasuka tu. Njia hiyo ni nyepesi zaidi.

Chemsha kwenye maji mapya dakika 45 hadi saa moja. Punje iumike kwa jino lakini isipondeke. Karibu na kuepua tia siki vijiko viwili vikubwa. Umuhimu wa siki hii nitaueleza mbele, na naomba usiiruke.

Chuja, tandaza kwenye kitambaa safi, pepea, futa. Hapa ndipo tempe nyingi zinapofia. Maharage yaliyobaki na maji yanawapa bakteria nafasi kabla kuvu haijaamka, na kesho yake unafungua bonge linaloteleza na kunuka. Subiri punje zikauke juu na zipoe hadi usihisi moto wala baridi ukiziweka kwenye ngozi ya mkono. Nyunyiza chachu kijiko kimoja cha chai, changanya kwa mikono iliyooshwa vizuri, dakika mbili nzima, kila punje ipate haki yake.

Babua jani la mgomba motoni ili lilainike lisipasuke, lifute, funga maharage kwa unene wa vidole viwili. Yakiwa mazito kuliko hapo joto la ndani litaiua kuvu. Yakiwa membamba sana yatakauka. Kuvu inahitaji hewa kidogo, kwa hiyo toboa matundu machache kwa njiti. Weka vifurushi kwenye chanja au wavu ili hewa ipite chini, visigusane.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 30 hadi 32. Huko Ulaya watu hununua masanduku ya umeme ili walipate. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, chumba cha Tanga, Pangani au Mkinga huwa na joto linalokaribia hilo, na unyevu wa bahari juu yake. Hatari ya msimu huo ni joto kuzidi: baada ya saa 12 hadi 15 kuvu huanza kutoa joto lake yenyewe, na vifurushi vilivyobanana vinaweza kupita nyuzi 40, ambapo inakufa. Vitenganishe, vipeleke penye upepo. Kusi ikiingia, usiku wa Juni na Julai hupoa, na kazi ya saa 24 huenda hadi 36 au 40. Funika kwa kanga usiku wa kwanza, funua ikianza kupata joto. Lushoto ni habari nyingine kabisa, huko inabidi ikae karibu na jiko.

Tempe iliyokubali ni nyeupe, imeshikana, ukiikata kisu kinapita bila punje kudondoka. Madoa meusi au ya kijivu karibu na matundu ni mbegu za kuvu hiyohiyo, hayana neno. Rangi ya waridi, kijani au machungwa, utelezi, au harufu kali kama ya mkojo: tupa yote, usikate sehemu ukabakiza sehemu. Usiionje ili kuhakikisha.

Mapishi hayahitaji maelezo marefu kwa watu wa pwani. Kata vipande vyembamba, roweka kwenye maji ya ukwaju, chumvi, kitunguu saumu na pilipili, kaanga hadi viwe vya hudhurungi. Au itie kwenye mchuzi wa nazi mahali pa samaki, siku ambayo samaki hashikiki bei. Inakubali nazi kuliko kitu kingine chochote, na Wajava wanalijua hilo pia. Ila isiliwe mbichi.

Ukishaiweza soya, nenda kwenye kunde na mbaazi. Java wanayo tempe ya mbaazi, na sisi tunaokula mbaazi za nazi asubuhi tungeipenda. Ganda la mbaazi ni gumu, lipasuliwe kwanza.

Turudi kwenye chachu. Kuvu ya tempe inaitwa Rhizopus oligosporus. Ya kwanza lazima itoke kwa mtengenezaji anayeaminika au maabara. Huku kwetu watu wengi huiagiza kutoka nje. Ukishaipata, unaweza kuiendeleza. Pika kikombe cha mchele kwa maji machache, punje ibaki imeachana. Ipoe kabisa. Tandaza kwenye chombo ulichokimwagia maji ya moto, nyunyizia robo kijiko cha chachu, funika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi. Siku ya pili utando mweupe, siku ya tatu au ya nne kijivu, kisha mweusi: mbegu zimekomaa. Kausha kwenye joto dogo lisilozidi nyuzi 40, kivulini penye upepo na vumbi likizuiwa, hadi mchele uvunjike ukiubana. Saga kwenye kinu kisichotwangiwa viungo, weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, ndani ya friji. Masika ni adui. Chachu iliyonyonya unyevu hupoteza nguvu kimyakimya.

Wanaotaka njia ya kale watatumia jani. Majani machanga ya mtiki hutoa rangi nyekundu yakisuguliwa, kwa hiyo chukua yaliyokomaa, safi, yasiyopigwa dawa.

Lakini usiendeleze chachu moja kutoka tempe hadi tempe bila kikomo. Kila kizazi kinaingiza bakteria na kuvu nyingine kidogo. Ukiona tempe inachelewa, inageuka nyeusi mapema au harufu imebadilika, acha, tafuta chachu mpya. Na usijaribu kukamata kuvu ya porini kutoka mkate ulioota ukungu. Kuvu ya tempe imechaguliwa na mikono ya watu kwa mamia ya miaka. Ndugu zake wa porini si salama. Katika miaka ya 1980 watafiti walichukua Rhizopus microsporus, ndugu wa karibu sana, kwenye karanga zilizoota ukungu huko Msumbiji, wakakuta sumu inayoharibu ini. Baadaye ikagundulika kwamba sumu hiyo hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya kuvu. Kwa macho huwezi kutofautisha.

Sasa onyo ambalo kwa mtu wa Tanga ni kubwa kuliko yote. Usitengeneze tempe kwa nazi, wala usichanganye machicha kwenye maharage kabla ya kuvundika.

Najua wazo litakuja, maana machicha hayapotei pwani na mwenye nyumba hapendi kutupa. Wajava wa Banyumas walikuwa na wazo hilo. Waliyageuza machicha ya nazi kuwa chakula kiitwacho tempe bongkrek, chakula cha maskini, na kikawaua. Kuna bakteria, Burkholderia gladioli, ambaye kwenye mafuta ya nazi hutengeneza sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Haina ladha wala harufu, na kupika hakuiondoi. Van Veen, yuleyule wa kambi ya wafungwa, na mwenzake Mertens waliitambua miaka ya 1930. Katika robo ya karne kuanzia 1951 watu wapatao elfu moja walikufa, na mwaka 1988 serikali ya Indonesia ikapiga marufuku tempe ya nazi.

Mtu asidhani sumu hii inakaa mbali. Januari 2015 huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Kwanza ilidhaniwa imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ukaonyesha asidi ya bongkreki, na kwenye pombe hiyo akakutwa bakteria huyohuyo, anayedhaniwa kuwa aliotea kwenye unga wa mahindi.

Ndiyo maana nikasisitiza siki. Bakteria huyu hapendi uchachu. Van Veen aliwashauri Wajava watie majani machachu ya oxalis kwa sababu hiyohiyo. Soya iliyolowekwa hadi ikachachuka, ikapikwa na siki, ikakaushwa vizuri na kupandwa chachu nzuri yenye nguvu, haimwachii nafasi. Nazi iingie baadaye, kwenye mchuzi, ambako inafaa.

Kuna jingine ninaloliona haki kulisema, kwa kuwa tempe huhubiriwa mno kama nyama ya mimea. Vitamini B12 inayosifiwa ndani yake hutoka kwa bakteria wanaoingia wakati wa kuvundika, kuvu haiitengenezi. Tempe moja inayo, nyingine haina. Asiyekula nyama, samaki wala maziwa asiitegemee kwa hilo.

Mambo haya hayajawa siri kwa wasomi wetu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, J. K. Mugula alichapisha mwaka 1992 utafiti wa tempe ya mahindi na soya kama chakula cha kulikiza watoto, na mwishoni mwa miaka ya 1990 yeye na M. Lyimo wakaendelea na ulezi na mtama. Ulikuwa uamuzi wa busara kuanzia kwenye nafaka zilizomo ghalani tayari, na Mugula huyohuyo ndiye aliyechunguza na wenzake bakteria wa togwa. Kazi hizo zilionyesha kwamba inawezekana. Mama wa Muheza anayetaka kumtengenezea mtoto wake hatapata chachu kwenye kurasa za jarida la sayansi.

Ninachotamani ni kitu kidogo: maabara moja inayotunza kuvu safi na kuuza pakiti ya gramu kumi kwa bei ya kiberiti au zaidi kidogo, kama pakiti ya mtindi inavyomwokoa mama ambaye chachu yake imekufa. Nyumba ikitengeneza vizazi vitatu vinne kwa mchele wake, irudi kuchukua mpya. Mpaka hapo, mwenye chachu nzuri aigawe katika chupa mbili siku ileile anayoisaga: moja ya kazi, nyingine ikae kwenye friji bila kufunguliwa, na tarehe iandikwe juu ya kifuniko.